Bomba Kwanza, Jengo Baadaye

Mheshimiwa Mwenyekiti, wasanifu majengo, wahandisi, watafiti wa bahari, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie usanifu na ujenzi wa kituo cha utafiti wa bahari kinachokaa ukingoni mwa maji. Nitaanza na jambo ambalo wasanifu waliomo humu huenda wasilipende. Katika kituo cha namna hii, jengo si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni bomba: lile linaloingia baharini, likavuta maji, likayafikisha kwenye tangi yakiwa bado yale yale ya baharini. Mkilipatia hilo, hata jengo likiwa la kawaida kabisa utafiti utafanyika. Mkilikosea, mtabaki na jumba zuri, maabara za gharama kubwa, na samaki waliokufa.

Nasema hivyo kwa sababu michoro mingi huanzia upande wa pili. Huanza na paa lenye umbo la wimbi, ukumbi wa vioo unaotazama bahari, na ngazi ya kupigia picha. Michoro ikishapitishwa na bajeti ikishagawanywa, ndipo mtu anauliza: maji ya bahari yataingilia wapi? Hapo mabomba hulazimishwa kupita mahali yasipostahili, pampu zikasukumiwa kwenye kijumba kilichobaki, na bomba la kutolea maji yaliyotumika likaja kukaa hatua chache kutoka lile la kuvutia.

Basi tuanze na maji yenyewe. Mtafiti anayeomba maji ya bahari haombi maji ya chumvi tu. Bahari kuu ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji, lakini karibu na mlango wa mto kiwango hicho hushuka mvua ikinyesha bara, hata kama pwani jua linawaka. Joto hupanda na kushuka, oksijeni vivyo hivyo, na tope huinuka bahari ikichafuka. Kwa hiyo eneo halichaguliwi kwa mandhari wala kwa bei ya kiwanja. Huchaguliwa kwa vipimo. Vyombo vya kupimia vikae majini mwaka mzima kwa uchache, vipitiwe na kila msimu, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), kabla hati ya kiwanja haijatiwa saini. Najua mwaka ni mrefu kwa mfadhili aliyekwisha kuandaa sherehe ya jiwe la msingi. Lakini jengo hili litakaa miaka hamsini au zaidi, na kiwanja kibaya hakitibiwi kwa pampu kubwa.

Upo mfano unaofundisha, ingawa si wa kituo cha utafiti. Katika ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna mahali panapozalishwa vichanga vya chaza, paitwapo Whiskey Creek. Mwaka 2007 na 2008 vichanga vilikufa kwa wingi. Kwanza walishuku bakteria. Wakasafisha maji, vifo vikaendelea. Waliposhirikiana na wanasayansi ikabainika kuwa tatizo lilikuwa ndani ya maji yenyewe. Pepo zilizovuma pwani zilipandisha juu maji ya kina kirefu yenye kaboni dayoksidi nyingi, ambayo huyatia maji tindikali, bomba likayavuta moja kwa moja, na vichanga vikashindwa kujenga magamba yao. Walifanya nini? Walianza kupima bila kukoma, wakatia magadi soda kupunguza makali ya tindikali, na wakachagua kuvuta maji mchana, baada ya mimea ya baharini kukaa juani na kufyonza sehemu ya kaboni hiyo. Tazameni hapo: saa ya kuwasha pampu iligeuka kuwa sehemu ya usanifu. Kituo kisicho na tangi la akiba la kutosha hakiwezi kuchagua saa. Huchukua kinacholetwa.

Sasa, mdomo wa bomba ukae wapi? Uwe chini ya maji hata siku ya bamvua kubwa maji yakipwa kabisa, na mawimbi yakiwa marefu. Usikaribie uso wa bahari, maana huko juu ndiko kuna mafuta ya boti, takataka zinazoelea, na tabaka la maji ya mvua. Usilale sakafuni pia, kwa kuwa utavuta mchanga. Kisha kuna kasi. Mdomo unaovuta kwa nguvu hukamata samaki wadogo na kuwabana kwenye wavu. Kipimo kinachotumika sana ni mita 0.15 kwa sekunde au chini ya hapo mbele ya wavu. Kwa kasi hiyo samaki wengi huweza kuogelea wakaondoka. Hesabu yake haina ugumu. Kituo kinachohitaji lita 50 kwa sekunde kinahitaji wavu wenye nafasi wazi ya theluthi moja ya mita ya mraba, na ni busara kuongeza mara mbili, kwa sababu nusu ya matundu itazibwa na mwani kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga mbizi kwenda kusafisha.

Pampu nayo ina sheria isiyojali ukubwa wa bajeti. Watu husema pampu huvuta maji, lakini kinachoyapandisha ni mgandamizo wa hewa unaoyasukuma kutoka chini. Kwenye usawa wa bahari mgandamizo huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, na kwa pampu halisi, yenye msuguano wa mabomba, mita 6 tayari ni nyingi. Chukueni pwani ambako bamvua hupanda na kushuka kwa mita 4, kisha wekeni sakafu ya pampu mita 3 juu ya maji yakijaa ili dhoruba isiifikie. Maji yakipwa, pampu inadaiwa mita 7, na haitazilipa. Hapo mna njia mbili: mchimbe kisima cha pampu kinachoshuka chini ya usawa wa maji kupwa, maji yaingie yenyewe, au mtumie pampu za kuzamishwa. Kisima ni ghali, na mimi nakipendelea. Fundi hukifikia kwa miguu usiku wa dhoruba, lakini pampu iliyo chini ya bahari haifikiwi mpaka bahari itulie.

Jambo moja ambalo wahandisi waliozoea maji ya kunywa hulipuuza ni hewa inayopenya upande wa kuvutia. Kiungo cha bomba kilicholegea kidogo hakidondoshi maji, ila kinanyonya hewa. Hewa hiyo ikibanwa na pampu huyeyuka majini kupita kiasi, na samaki wakiyapumua maji hayo hupata mapovu ya gesi ndani ya damu na chini ya ngozi, wakafa. Mtu anayepima oksijeni peke yake ataiona ya kutosha na kushangaa. Kwa hiyo kabla maji hayajafika kwenye matangi yapitishwe juu ya mnara mdogo wa kutawanyia, yaanguke kwa matone, gesi ya ziada itoke. Ni kitu rahisi, karibu cha kuchekesha kwa urahisi wake, na mara nyingi ndicho cha kwanza kufutwa bajeti inapobanwa.

Na bahari haikai nje ya bomba. Huingia nayo kome, chaza, minyoo ya magamba, na sifongo. Vichanga vyao hupita kwenye wavu wowote, hujibandika ndani ya bomba ambako chakula hupita bure mchana na usiku, na baada ya muda bomba la sentimeta 20 linapitisha maji ya bomba la sentimeta 12. Kuwaua kwa klorini haiwezekani, kwa kuwa hayo ndiyo maji ya utafiti. Vituo vya zamani viligundua dawa isiyo na sumu: mabomba mawili sambamba. Moja linafanya kazi, jingine linafungwa maji yakiwa ndani. Viumbe waliomo humaliza oksijeni, hufa, kisha bomba husafishwa kwa kusukuma ndani yake plagi ya sponji ngumu kwa nguvu ya maji. Wiki chache baadaye mnabadilishana. Ndiyo sababu ninasema bomba moja kubwa si mbadala wa mawili ya wastani, hata kama mkadiriaji wa gharama ataonyesha kwa tarakimu kuwa moja ni nafuu. Na kila kona iwe na mahali pa kufungulia. Kona kali za nyuzi 90 ziepukwe, plagi hukwama humo.

Vitu gani viguse maji hayo? Plastiki ngumu ya polithini, PVC, fiberiglasi, na titani pale maji yanapopashwa au kupozwa. Shaba na michanganyiko yake isiguse kabisa, hata vali moja, hata skrubu ndani ya pampu. Shaba kidogo sana yatosha kuua vichanga vya wanyama wasio na uti wa mgongo, na mtafiti atatumia miezi akitafuta kosa kwenye jaribio lake, kumbe kosa liko ukutani. Mabomba yaliyopakwa zinki yana shida hiyo hiyo. Kile chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu nacho hushika, hasa kwenye mianya ambamo maji ya chumvi yamesimama. Fundi bomba anayekuja na vifaa vyake vya nyumba za kawaida azuiliwe getini. Sisemi kwa dharau. Ufundi wake ni mzuri, mahali pake si hapa.

Maji yakishaingia yagawanywe kwa daraja. Monterey Bay Aquarium ya California, nyumba ya kuonyeshea viumbe wa baharini iliyofunguliwa mwaka 1984, ina utaratibu ninaoupenda: mchana maji huchujwa ili wageni waone vizuri, usiku huachwa yaingie mabichi, yakiwa na planktoni yake, yaani viumbe wadogo mno wanaoelea majini, ili wanyama wanaokula kwa kuchuja wapate riziki. Kituo cha utafiti kinahitaji daraja hizo zote kwa wakati mmoja, kila moja kwenye bomba lake lenye rangi yake: maji mabichi, yaliyopita kwenye mchanga, na yaliyochujwa zaidi kisha kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno unaoua viini. Anayefuga chaza anataka ya kwanza. Anayekuza mwani safi kwenye chupa anataka ya mwisho. Mkiwapa wote maji ya aina moja, mmoja wao atakuwa anadanganywa na kituo chake mwenyewe.

Na yanapotoka? Maji yanayotoka yasirudi mdomoni. Someni mkondo, si wa siku moja, wa msimu mzima, maana pwani nyingi mkondo hugeuka. Wanyama walioletwa kutoka mbali wawe na chumba chao cha karantini, na maji ya chumba hicho yauawe viini kabla ya kuachwa. Kituo kinachochunguza viumbe vamizi kisije kikawa mlango wao.

Nimesema mengi kuhusu bomba kwa makusudi. Sasa tuingie ndani ya jengo.

Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Tangi la duara lenye upana wa mita 4 na kina cha mita moja na nusu linabeba tani 19 na zaidi. Sakafu yake inabeba tani moja na nusu kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu ya ofisi husanifiwa kwa kilo mia mbili na nusu hadi mia tatu hivi. Kwa hiyo matangi makubwa hukaa chini, juu ya ardhi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana chini ndiko dhoruba inakoingia. Suluhisho ninaloliona ni kukubali kwamba ghorofa ya chini italowa siku moja, na kuijenga kama kitu kinacholowa: sakafu ya zege yenye mteremko unaoonekana kwa macho, mifereji mipana yenye vifuniko vinavyoinuliwa kwa mkono, kuta zinazooshwa kwa mpira wa maji, hakuna mbao, hakuna bodi za jasi. Soketi ziwe juu ya kimo cha kiuno, zenye swichi inayokata umeme papo hapo ukivuja. Umeme mkuu, jenereta, na mitambo ya mawasiliano vikae juu. Ni ajabu ni mara ngapi jenereta ya dharura huwekwa mahali pa kwanza kufikiwa na dharura.

Dharura yenyewe ni nini? Si dhoruba peke yake. Ni umeme kukatika saa nane usiku. Tangi lenye samaki wengi, likikosa maji na hewa, halina siku ya kungoja. Lina saa, na pengine chini ya hapo. Basi pampu ziwe mbili na kila moja iweze kubeba kazi yote, na kuwe na tangi la juu linaloshusha maji kwa uzito wake mwenyewe kwa saa kadhaa. King'ora kilie kwenye simu ya mtu anayelala karibu. Kulia ndani ya jengo tupu hakumwamshi mtu.

Kisha swali la nani akae ukingoni. Kila mita ya mbele ya maji ni ghali kuijenga na ghali zaidi kuitunza, kwa hiyo wapewe wanaoihitaji kweli: pampu, maabara za maji, boti, na wapiga mbizi. Hadubini ya elektroni haina shughuli hapo. Mawimbi yakipiga gati hutikisa msingi, na picha huharibika. Kompyuta kubwa, hifadhi ya sampuli, na kumbukumbu za karatasi zirudi nyuma, juu, mbali na hewa ya chumvi. Wapiga mbizi nao wana madai yao: pipa la maji baridi la kuoshea vifaa, chumba cha kukaushia chenye upepo, na kompresa ya kujazia mitungi ambayo mdomo wake wa hewa uko mbali na moshi wa jenereta na wa injini za boti. Hilo la mwisho si la starehe. Hewa yenye moshi ikibanwa ndani ya mtungi, mtu ataipumua akiwa chini ya maji.

Kuhusu ofisi za watafiti ninatofautiana na wenzangu wengi. Wao wangezipeleka kilomita mbili bara, kwenye ardhi salama na nafuu. Mimi ningeziweka papo hapo, ila juu. Mwaka 1872 Anton Dohrn, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, alianzisha kituo chake Naples, Stazione Zoologica, chini kukiwa na matangi ya kuonyeshwa umma na juu kukiwa na maabara. Aliwakodishia serikali na vyuo vikuu meza za kufanyia kazi: anayelipia meza anampeleka mtafiti wake, naye anakuta wanyama wameletwa wakiwa hai na vifaa viko tayari. Viingilio vya wageni vilikusudiwa kusaidia gharama. Na katikati ya hayo yote Dohrn aliona inafaa kumwajiri mchoraji Hans von Marées, mwaka 1873, apambe chumba kimoja kwa michoro ya ukutani ya wavuvi na wapiga makasia. Mtu anaweza kuiita anasa. Kwangu ni ushahidi kwamba alijua watafiti wanaotoka nchi mbalimbali wanahitaji mahali pa kukaa pamoja, na kwamba mazungumzo yao yawe karibu na mnyama aliyetolewa majini asubuhi hiyo. Kilomita mbili za barabara huyaua mazungumzo hayo.

Lakini juu ni juu kiasi gani? Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba wastani wa usawa wa bahari ulipanda mita 0.20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Kufikia 2100, ukilinganisha na miaka ya 1995 hadi 2014, makadirio yake ni mita 0.28 hadi 0.55 ikiwa dunia itapunguza sana gesi joto, na mita 0.63 hadi 1.01 ikiwa utoaji wake utakuwa mkubwa sana. Nusu mita husikika kama kitu kidogo. Iongezeni juu ya bamvua, juu ya dhoruba, juu ya wimbi, na mtaona kwa nini kimo cha sakafu kisinakiliwe kutoka kwenye jengo la jirani lililojengwa miaka arobaini iliyopita.

Na jengo peke yake halitoshi. Huko Cocodrie, Louisiana, vyuo vikuu vya jimbo hilo vina kituo chao cha bahari, LUMCON, kilichojengwa juu ya nguzo ndefu katikati ya ardhi oevu. Mafuriko hupita chini yake, kama ilivyokusudiwa. Ila eneo la kuegesha magari liko chini, na maji huliingia hata siku zisizo na dhoruba; mtafiti anaweza kuwa na maabara kavu na gari lililosimama kwenye maji ya chumvi. Mwaka 2021 kimbunga Ida kilikipiga kituo hicho na kukiharibu, kwa sababu nguzo hukinga maji tu. Upepo una njia yake kupitia paa na madirisha.

Oregon State University ilichukua njia nyingine mjini Newport. Pwani hiyo ilipata tetemeko kubwa mwaka 1700, na wanasayansi wanatarajia jingine, likifuatwa na tsunami. Jengo lao jipya katika Hatfield Marine Science Center, lililofunguliwa mwaka 2020, lina mteremko mpana unaopanda hadi juu ya paa, ili zaidi ya watu 900 wakimbilie huko. Wapo waliopinga, wakiuliza kwa nini ujenge penye hatari inayojulikana. Ni swali halali, na sidhani mteremko umelijibu lote. Nchini Japani, kituo cha Chuo Kikuu cha Tokyo kilichoko Otsuchi kiligharikishwa na tsunami ya Machi 2011, na jengo jipya likakamilika 2018. Hawakuikimbia pwani ile, maana tsunami yenyewe ilikuwa imewapa jambo la kuchunguza: bahari hurudi vipi katika hali yake baada ya kupinduliwa namna ile?

Zege nitalipitia haraka, wahandisi mnalijua. Chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, zege linapasuka. Sehemu inayoumia zaidi si ile iliyozama moja kwa moja. Ni ile inayolowa na kukauka, pale mawimbi yanaporusha maji. Maji yawe kidogo kwenye mchanganyiko, yasizidi uwiano wa 0.40 na saruji, zege linalofunika nondo lifike milimita 75 huko ukingoni, na mchanga wa ufukweni usitumike. Aluminiamu na chuma visigusane penye chumvi. Basi.

Ujenzi wenyewe utachafua mahali ambapo mmekuja kupachunguza, na hilo halikwepeki, linapunguzwa tu. Kugongelea nguzo baharini kunapiga kelele zinazosafiri mbali majini. Nyundo ianze taratibu ili wanyama waondoke, pazia la mapovu lizungushwe kuimeza sauti, na kazi isimame msimu wa kuzaliana. Bomba la kuvutia, badala ya kuchimbiwa mtaro unaokata ufuo na majani ya bahari, linaweza kupitishwa chini kwa chini kwa mtambo wa kutoboa ardhi na kutokezea kwenye kina. Na ule mwaka wa vipimo nilioutaja una faida ya pili hapa: mtakuwa mnajua hali ya mahali kabla ya nyundo ya kwanza. Ningependa kila kituo kianze na utafiti huo, wa madhara yake chenyewe, na kiutangaze hata ukiwa hautii moyo.

Wako pia watu waliokuwepo. Mahali pazuri kwa gati la utafiti mara nyingi ndipo wavuvi wanapopandisha vyombo, kwa sababu zile zile: kina cha kutosha na kinga ya upepo. Kuzungushia uzio na kuwaambia wapite kwingine ni rahisi kwenye mchoro. Ni dhuluma, na ni ujinga wa kitaalamu pia. Nahodha aliyevua hapo miaka thelathini anajua mchanga huhamia wapi baada ya dhoruba, habari ambayo mhandisi atailipia pesa nyingi na kuipata nusu. Njia ya wapita kwa miguu ufukweni ibaki wazi, bomba lipite chini yake. Gati, ikiwezekana, litumiwe kwa zamu.

Gati hilo lisichukuliwe kuwa la boti tu. Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari huko La Jolla, California, walijenga gati lao mwaka 1916, na mwaka huo huo wakaanza kupima joto la maji kila siku kutoka hapo. Gati la zamani lilikwisha, jipya likasimama mwaka 1988, vipimo vikaendelea, na kutoka hapo hapo huvutwa maji yanayokwenda kwenye maabara. Karne nzima ya joto la maji mahali pamoja ni kitu ambacho hakuna fedha inayoweza kukinunua leo kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo mnapochora gati, choreni pia mahali pa kudumu pa kushushia chombo cha kupimia, penye kivuli, penye umeme, na pasipoguswa na boti. Ni mita mbili za mraba. Wasanifu hupenda kuzisahau.

Namalizia na makabidhiano, maana huko ndiko mambo huharibikia wakati kila mtu amechoka. Zege jipya hutoa chokaa majini na kupandisha kiwango cha alkali, gundi ya mabomba hutoa kemikali zake, kwa hiyo maji yapite kwa wiki kadhaa kabla mnyama yeyote hajaingia, na wa kwanza wawe wale wagumu wasio wa jaribio lolote. Fundi wa maji wa kituo, yule atakayekaa na pampu hizo kila siku, aajiriwe wakati michoro bado inachorwa. Atasema vali hii haifikiki, na mtaihamisha kwa kufuta mstari kwenye karatasi. Akiajiriwa baada ya sherehe, itahamishwa kwa kuvunja ukuta, au haitahamishwa.

Mkandarasi atataka kukabidhi jengo taa zikiwaka na rangi ikiwa imekauka. Mkataba useme zaidi ya hapo: pampu zifanye kazi mwezi mzima bila kuzimwa, bomba la pili lifungwe na kusafishwa mbele ya mashahidi, na umeme ukatwe makusudi usiku wa manane bila mtu kuambiwa ni usiku upi. Sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka hayo yote yapite, kisha karatasi itiwe saini.

Ahsanteni. Nipo tayari kwa maswali, na naona ndugu yangu mkadiriaji wa gharama amekwisha kunyanyua mkono.